Mbuzi wa Tulia, Mbuzi wa Matiliku na Mlango wa Kiini

Mkiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile ya maabara, nitawajibu ukweli: nilikuwa nanunua mbuzi kidogo kidogo. Mbuzi mzima ni wa watu wenye harusi. Mimi nilinunua robo ya ini, ubongo mmoja, kipande cha paja, na korodani mbili. Hizo mbili nilizihesabu mara mbili, kwa sababu kuna mchinjaji aliwahi kuniuzia moja akaniapia kwamba mbuzi mwenyewe alizaliwa hivyo.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, mnaoletewa vitu vyote kwa kisanduku, vimeandikwa majina na kugandishwa. Mna bahati. Lakini hamjui kupatana bei, na siku kisanduku kitachelewa mtakaa mkiangaliana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila seli ya mwili ina kiini, kiini kina ukuta, na ukuta una vitundu. Protini ndogo hujipitia tu. Kubwa haipiti mpaka ibebwe na protini nyingine ambayo hiyo ndiyo ajira yake, kubeba. Sisi tuliziita wabebaji. Protini inayotakiwa ndani huwa na alama mwilini mwake. Mbebaji akiiona anaishika, anaivusha kwenye kitundu, anaiacha ndani, anarudi nje kutafuta mzigo mwingine. Mpaka hapo hata mimi nilielewa siku ya kwanza.

Jambo la siku ya pili ni kwamba wabebaji hao wako wa aina nyingi, na kila sehemu ya mwili ina mchanganyiko wake. Ini lina wake, ubongo una wake, korodani zina wake tena wa kujivunia, na misuli ina wake. Kwa hiyo protini moja, yenye alama ileile, inaweza kuingia kiini haraka kwenye ini na kushinda nje kwenye misuli, kama mtu ambaye anaingia ofisi ya chifu bila kugonga lakini kwa mganga mkuu anaambiwa akae kwenye benchi.

Tulipimaje? Tulikuwa na seli tulizokuza kwenye chupa. Unazitoboa ngozi ya nje kwa dawa, unaziosha mpaka wabebaji wake wote wameondoka na maji. Kinabaki kiini kizima, mlango uko sawa, lakini hakuna wa kubeba. Halafu unaweka juu yake protini iliyotiwa rangi ya kijani, unaweka chakula cha kuipa nguvu, na unaweka supu. Naam, supu, lakini baridi: nyama mbichi iliyosagwa kwenye maji ya chumvi, ikazungushwa kwa mashine mpaka makapi yakakaa chini. Ukiweka supu ya ini, umeweka wabebaji wa ini. Ukiweka ya misuli, umeweka wa misuli. Baada ya nusu saa unaangalia kwa hadubini. Kiini kikiwaka kijani, mzigo umeingia. Kikibaki cheusi katikati kama shimo la choo, haujaingia.

Unahesabu mia. Halafu unahesabu tena.

Kuhesabu mara mbili nilifundishwa na Bi Syombua, aliyekuwa mkuu wa maabara nilipoanza. Mwanamke mwembamba, mkali, aliyevaa sweta hata Oktoba wakati Kitui nzima inaiva. Alisema ukihesabu mara ya pili anzia kona ya upande mwingine, na ile namba ya kwanza iandike karatasi nyingine uipindue. "Jicho lako ni mlaghai," aliniambia. "Likijua jibu la kwanza, litakuletea lilelile, lisingoje kuona." Hiyo ni elimu, ichukueni, sitozi.

Wakati huo hatukuwa na kamera. Tulihesabu kwa ndengu. Kiini kikiwaka, unatupa ndengu moja kwenye mkebe wa kushoto. Kikikataa, mkebe wa kulia. Jicho halitoki kwenye hadubini na hakuna haja ya kalamu. Mbinu safi kabisa, ila kuna siku nilirudi kutoka msalani nikakuta mikebe yangu mitupu, imeoshwa, imepangwa. Mama wa chai alikuwa ameona ndengu zimekaa bure, akazitia kwenye muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa. Nilikwenda jikoni nikaangalia ile sufuria. Matokeo ya ubongo na ya figo yalikuwa yanachemka pamoja, na hakuna hekima ya binadamu ingeweza kuyatenganisha. Tuliyala saa saba. Bi Syombua alikula sahani mbili, halafu akaniambia nirudie kazi yote.

Sasa nije kwa Mwende.

Mwende alikuja kwetu nikiwa nimebakisha kama mwaka mmoja nistaafu. Binti wa Kalamba, mtoto wa wakulima, anasomea shahada ya pili. Karo yake ililipwa na wafadhili, na wafadhili walikuwa wamemwandikia barua fupi: jopo la watahini likimkataa mara hii, pesa imekwisha, arudi nyumbani. Barua hiyo aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake, pale wengine wanapobandika mistari ya Biblia. Tasnifu yake ilikuwa juu ya jambo hilihili, jinsi uingizaji wa protini kwenye kiini unavyotofautiana kati ya sehemu za mwili. Profesa wake, mtu wa Makueni, alimwambia achukue mbuzi wa pande mbili ili matokeo yasiwe ya zizi moja. Kwa hiyo Jumanne nilikwenda Tulia, huku Kitui, kwa Kilonzo. Alhamisi nikachukuliwa na gari ya chuo mpaka Matiliku, kule Makueni, kwa Mama Kanini.

Mjue hao wachinjaji wawili. Mama Kanini wa Matiliku anapima nyama kama anapima dawa. Mshale wa mizani ukipita mstari, anakata kipande kidogo kama ukucha anakirudisha. Nilimwomba punguzo mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano aliniambia, "Mzee, hata kama ungekuwa baba yangu aliyenizaa ningekuuzia bei hiyohiyo, na baba yangu ananunua kwa Mutiso." Nikamwachia.

Kilonzo wa Tulia ni shemasi kanisani, mtu mnene wa kucheka, na alikuwa amenunua mashine mpya ya kusaga nyama ambayo aliipenda kuliko mke. Nilipatana naye anisagie bure. Hiyo ilinipunguzia nusu saa ya kukata paja kwa wembe, na mkono wangu wa kulia ulishukuru.

Basi matokeo yakaanza kuja. Ini la Tulia na ini la Matiliku, sawa. Ubongo, sawa. Korodani, zinavusha mzigo kama zina haraka ya kwenda kwao, pande zote mbili. Misuli ya Matiliku, polepole, viini vyeusi vimejaa. Misuli ya Tulia?

Iliwaka.

Nilihesabu. Nikapindua karatasi, nikahesabu kutoka kona ya pili. Ikawaka tena. Wiki iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Paja la mbuzi wa Kitui lilikuwa linavusha mzigo kwenye kiini karibu kama ini.

Hamwezi kujua habari kama hiyo inafanya nini kwa chuo chenye watu wa kaunti mbili. Kufikia saa nne ilikuwa jikoni. Kufikia mchana dereva wetu, mzaliwa wa Kitui, alikuwa anatembea kifua mbele kana kwamba misuli ni yake. "Mimi niliwaambia," alisema, "mbuzi wa huku anakula maganda ya mgunga. Wa kwenu anakula maembe yaliyoanguka, anakuwa mlegevu." Mhasibu wa Makueni akaacha kumwandikia dereva posho. Profesa mwenyewe, msomi wa watu, aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika sijabadilisha vibandiko.

Mwende hakulala. Alikuja na karatasi zake akasema hii si tasnifu tena, hii ni ugunduzi. Macho yake yalikuwa yanang'aa kuliko sampuli.

Kwanza Profesa alisema ni safari. Nyama ya Matiliku inakaa kwenye barafu masaa mengi, ya Tulia inafika bado ina joto la mbuzi. Huenda wabebaji wanachoka njiani. Swali zuri. Tukalijibu kwa njia pekee tuliyoweza: nilinunua nyama Tulia, nikaiweka kwenye sanduku la barafu, nikaipeleka matembezi Matiliku na kuirudisha. Mara tatu. Robo kilo ile ilizunguka Makueni kuliko mbunge wao. Askari wa kizuizi alifungua sanduku akauliza naipeleka wapi.

"Matiliku."

"Kuuza?"

"Hapana, narudi nayo."

Alinitazama muda mrefu, akafunga sanduku polepole, akanionea huruma nikapita.

Nyama iliyotembea iliwaka vilevile.

Ikabaki mashine ya kusaga. Hapo Mwende akasema ataenda yeye mwenyewe Tulia, ajionee. Akaenda, akanunua paja, Kilonzo akamsagia kwa mashine ileile, akarudi. Nikahesabu. Giza. Viini vyeusi kama vya Matiliku kabisa. Jumanne iliyofuata nikaenda mimi, ikawaka. Akaenda yeye, ikazima. Yaani misuli ya mbuzi aliyekufa, iliyosagwa, ilikuwa inamjua mnunuzi.

Mhasibu hakuwa na shaka. "Huyo mzee anapika hesabu ili kwao wasifiwe," alisema, na hakushusha sauti. Profesa hakusema hivyo, ila alimwomba Mwende ahesabu slaidi zangu upya bila kuniambia. Niliona amezishika. Alipata namba zangu zilezile, na hapo mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu sasa hakuna aliyekosea na jopo lilikuwa baada ya wiki tatu.

Nikaenda Tulia, na safari hiyo niliamua kujitazama mwenyewe kama namtazama mwizi.

Nikasimama mbele ya Kilonzo. Nikasema, "Shemasi, robo ya paja." Akakata, akaweka kwenye mizani. Macho yangu yakaenda kwa mshale, kama kawaida, kwa sababu mimi mshale siuamini. Robo. Nikasema, "Na mimi je? Ongeza kidogo, usiniache hivyo." Huwa nasema hivyo kila mahali. Nimesema hivyo mpaka posta. Na kwa mara ya kwanza niliondoa macho kwa mshale nikaangalia mikono yake. Alichukua paja akatupa kwenye mashine. Halafu akachukua kipande cha kitu cheusi, laini, kutoka kwenye sahani ya nyuma, akakitupa nacho ndani, akazungusha mpini huku anaimba wimbo wa Jumapili.

"Hicho ni nini?"

"Nyongeza yako."

"Ya nini?"

"Ini, mzee. Si nakuwekeaga kila siku?"

Vijana, nilishika kaunta. "Kilonzo. Mimi nilinunua paja. Nyongeza ya paja ni paja!"

Akaacha kuzungusha. Alionekana ameumia. "Lakini mzee wangu, mtu ananunua robo kila Jumanne, anaifunga vizuri, anakimbia nayo chuoni bila kusalimia watu. Nilijua una mgonjwa pale. Sikutaka kukuuliza. Ini linaongeza damu. Hata nimewaambia kanisani tumwombee."

"Na yule msichana? Yeye mbona humuwekei?"

"Yeye haombi. Analipa, anasema asante, anaenda. Msichana ana adabu sana yule."

Ile rangi ya nyama iliyosagwa, yenye giza kidogo, nilikuwa nimeiona wiki zote. Nilikuwa nimejiambia ni jua la Kitui.

Sasa sikilizeni sehemu hii, maana ndiyo inanifanya niandike. Sikurudi nikasema. Nilimwambia Kilonzo asiniongezee tena kitu chochote, jambo ambalo lilimfanya aamini kwamba mgonjwa amekufa, akanipa pole mpaka nje. Nikabeba paja tupu. Nikahesabu. Giza. Nikaandika giza, nikanyamaza. Hesabu yangu ilikuwa hii: matokeo yatazima yenyewe, Mwende atadhani ni msimu, ugunduzi utakufa kifo cha kawaida, na mimi nitastaafu na keki.

Siku ya kwanza Mwende aliangalia namba, akaniomba nihesabu tena. Siku ya pili nilimkuta amekaa chini karibu na friza, amefungua kabati, anaitazama ile barua. Hakuwa analia. Alikuwa anaondoa selotepu pembeni, taratibu, asiichane.

"Asa," aliniambia, na hilo ni neno la Kikamba la kumwita baba, hakuwahi kuniita hivyo, "ninarudi Kalamba. Nimepitia kila kitu. Nafikiri kosa ni langu na silioni."

Nilikaa chini pale sakafuni, magoti yakalia. Nikamwambia yote. Mshale, mashine, ini, mgonjwa wa kanisa la Tulia. Nikamwambia na zile siku mbili.

Akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Nyongeza ilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Unataka nini na nyongeza? Imekuharibia kazi."

"Asa. Kiasi gani?"

Hakuna aliyejua ila mkono wa Kilonzo. Tukaenda Tulia wote wawili na mizani ya maabara. Tulimweleza Kilonzo kwamba hakuna aliyekufa, akashukuru Mungu, halafu tukamwomba atupe nyongeza mara ishirini, kwa moyo uleule, bila kufikiri. Alitupa. Tukapima kila moja. Nikapima mara ya pili. Ule mkono wa shemasi ulikuwa sahihi kuliko mabomba yetu ya kioo ya kupimia maji. Vipande vilitofautiana kidogo tu. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja aliuliza, "Hapa nyongeza inapimwa kwa mizani tangu lini?"

Sasa muelewe alichoona yule msichana, mimi sikukiona. Misuli ikiwa polepole, kuna njia mbili za kueleza. Labda kuna kitu ndani ya misuli kinachozuia mizigo isipite. Au labda hakuna kizuizi, ni wabebaji tu hawatoshi. Kama kungekuwa na kizuizi, kuweka ini kidogo ndani ya supu ya misuli kungesaidia kidogo au kusingesaidia. Lakini ini kidogo lilikuwa limeamsha supu nzima. Kwa hiyo mlango ulikuwa mzima, na hakuna aliyeshika komeo. Walikosekana watu wa kubeba. Kilonzo alikuwa amefanya jaribio zuri kuliko letu, ila hakutuambia.

Profesa alikubali kwa sharti: yote yarudiwe, ini lipimwe, liongezwe maabara, mbele yake. Tulibakisha siku kumi na moja. Nilinunua nyama kwa bei ya kwanza iliyotajwa, bila kuomba kitu. Mama Kanini aliposikia nakubali bei, akairudisha nyama ndani akaniuliza kama pesa zangu ni halali. Vipande vya figo, vipande vya moyo, supu juu ya supu. Ini moja kwa misuli kumi, moja kwa ishirini, moja kwa arobaini. Taa ya hadubini iliungua, dereva akaenda kutafuta nyingine na mhasibu, nawaambia mhasibu mwenyewe, akasaini pesa bila maswali, kwa kuwa sasa Kitui haikuwa mbele tena.

Jopo lilikaa siku ya Ijumaa asubuhi. Watu watano, maji ya chupa, feni ikilia. Niliketi nyuma kando ya mlango. Mwende alieleza vizuri, na alipofika kwenye misuli hakuruka. Alisema kulikuwa na kosa, akasema lilitoka wapi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akainua mkono.

"Huyo mnunuzi yuko hapa?"

Nikasimama.

"Mzee, uligundua lini?"

"Jumanne."

"Ukasema lini?"

"Alhamisi."

"Hapo katikati ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa na majibu mawili mazuri niliyoyatayarisha, la uchovu na la kutaka uhakika. Nikayaangalia yote mawili. "Nilikuwa nangoja kosa lipate mwenyewe mwingine," nikasema.

Feni ililia. Aliandika kitu, kirefu, akatuambia tutoke.

Tulisimama koridoni. Mwende alishika karatasi zake kifuani kwa mikono miwili. Sikumwambia usiogope, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naogopa na angeliona. Tulisikia viti, tukasikia mtu anacheka ndani, na kicheko cha mtu wa jopo hakikuambii chochote. Halafu mlango ukafunguliwa.

Alipita.

Alipewa masahihisho ya ukurasa mmoja na nusu. La kwanza lilisema kwamba sura ya vifaa na mbinu ieleze kwa maneno kamili nani alinunua nyama, aliomba nini kwa mchinjaji, na baada ya kujua kosa alinyamaza kwa muda gani. Jumatatu Mwende alikuja na kompyuta yake, akakaa kando yangu, akaandika sentensi ile akaifuta, akaandika akaifuta. Mwishowe akanitazama.

"Asa, nikiandika siku moja, hakuna atakayejua."

Nikamwambia aandike mbili.